Karatasi ya Mashine

Robi hakuwa mtu wa kuogopa serikali. Wanawake wengine wa Kenyamonta wakiitwa ofisini hubadilisha khanga, hujipaka mafuta, na njia nzima hukohoakohoa kama wanaokwenda kuungama. Yeye aliingia na vumbi lake la mawe miguuni, akasalimia, akavuta benchi akakaa. Serikali kwake ilikuwa mgeni wa mbali. Ukishajua anachopenda kusikia unamwambia, anaandika, anafurahi, anaondoka, nanyi mnabaki na maisha yenu kama mlivyokuwa. Kwa wazo hilo Robi aliishi miaka sitini na miwili bila matata. Lilimwangusha mara moja tu, na mara hiyo moja lilimchukulia nyumba nzima.

Chanzo ni dhahabu, na nani asiyejua dhahabu inavyovuruga watu? Kilima kilicho nyuma ya kijiji, ambacho miaka yote kilikuwa cha kulishia mbuzi, kilitoa mawe yenye mstari wa njano, na ndani ya wiki mbili rashi, yaani mbio za watu kukimbilia dhahabu, ikaingia. Watu walitoka Kisaka, Issenye, Nyamongo, wengine walivuka mpaka wa Sirari na Kiswahili chao cha haraka haraka. Turubai zikatanda, mama lishe wakapanga masufuria, na makanisa mawili yakafunguliwa kabla ya choo hata kimoja kuchimbwa. Wanaume waliteremka mashimoni. Wanawake walipewa mawe na nyundo.

Kuponda mawe ni kazi ya kukaa chini, miguu umeinyoosha, jiwe umelizungushia kipande cha tairi ili vipande visikurukie machoni, halafu unagonga tangu asubuhi mpaka kiganja kinakufa ganzi. Robi na Waisiko walikaa wakitazamana. Robi alivunja makubwa, Waisiko akayasaga madogo hadi yakawa unga, kisha wakachekecha na kuosha kwenye beseni. Kwa miaka miwili walikaa hivyo, magoti yao yakikaribia kugusana, na vicheko vyao vilisikika mpaka kwa wauza chai. Waliwasema wachungaji wote wawili bila upendeleo.

Sasa, Waisiko alikuwa nani kwa Robi? Huku kwetu mtu haulizi, anajua. Robi alizaa mabinti wanne, wote wakaolewa, wakaacha ng'ombe zizini. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Mumewe, Werema, alipofariki, Robi alifanya walichofanya wanawake wengi wa hali yake tangu zamani: alichukua ng'ombe kumi na mmoja, akaenda Kisaka, akamwoa Waisiko. Ndiyo, akamwoa. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mwanamke anamtolea mwanamke mwenzake mahari, anamleta kwenye boma la marehemu, anamjengea nyumba yake, na watoto atakaozaa, hata awazae na mwanaume gani, ni wa nyumba ile na jina lile. Waisiko alikuwa mke wa mtoto wa kiume ambaye Robi hakuwahi kumzaa.

Alikuja akiwa na miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne Issenye na matokeo ya kumrudisha nyumbani. Miezi ya mwanzo alikuwa anashtuka akiitwa. Kisaka walikuwa wamemjaza maneno, kwamba mke wa ntobhu ni punda wa kununuliwa, atalima mpaka azeeke na hakuna atakayemwita mke wala mtoto. Siku moja wakiwa shambani alisimama na jembe lake akauliza, "Mama, mimi hapa ni nani?" Robi, ambaye maneno ya moyoni huwa yanamkaba, alimjibu bila kuinua kichwa, "Wewe ni wa nyumba hii. Lima." Yalitosha. Waisiko alilima siku ile akiimba, na baada ya miaka mitatu akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Werema, na Robi akalia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ndipo serikali ikaja na mpango wake. Haukuwa mpango mbaya, tusiusingizie. Ulikuwa wa kuwainua akina mama wanaofanya kazi machimboni: kikundi cha wanawake kumi kinajisajili, kinapewa mashine ya kusaga mawe, na mwanakikundi mmoja anayejua kusoma na kuandika vizuri anapelekwa mafunzo Mugumu, akirudi awe fundi wa wenzake. Wanawake waliposikia mashine, walitazama viganja vyao. Kikundi kikaundwa siku hiyo hiyo, Robi akachaguliwa mwenyekiti kwa makofi. Walikuwa tisa pamoja naye, na wa kumi alikuwa Waisiko, ambaye ndiye peke yake aliyeweza kusoma barua bila kuifuatisha kwa kidole.

Afisa aliyeletwa kuhakiki aliitwa Ikram, binti wa Tanga, mpole, ana miezi mitano tu tangu ahamishiwe Serengeti. Alikaa kwenye meza ya mtendaji wa kijiji na fomu zake, akawasomea masharti moja moja. Alipofika la sita alisema, "Wanakikundi wasitoke kaya moja. Hili tunalisisitiza, mama zangu. Kuna mahali baba mmoja alisajili wake zake watatu na shemeji zake wote, mashine ikaenda kukaa uani kwake inasaga mahindi."

Wanawake walicheka. Robi hakucheka. Macho ya Ikram yalikuwa yameshateremka kwenye orodha ya majina.

"Mama Robi," Ikram alisema, "wewe na huyu Waisiko Nyamhanga mmeandika boma moja. Boma la Werema. Mnahusiana vipi?"

Waisiko alikuwa amesimama ukutani, mtoto mgongoni. Robi hakufikiri hata kidogo, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu kuliko yote. Mgeni wa mbali alikuwa anauliza, akampa jibu la wageni.

"Huyo? Huyo ni mpangaji. Amekuja na hii dhahabu, nikampa kibanda. Si mtu wangu."

Tabitha, katibu wa kikundi, alianza kukohoa. Wengine walitazama sakafu. Hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mmoja alikuwa anaiona mashine ikirudi Mugumu juu ya lori.

Mtendaji, Sylvester, alikuwa mtoto wa pale pale na alikula nyama siku ng'ombe wa Waisiko walipopelekwa Kisaka. Alikuna shingo. "Mama, una uhakika? Maana hii itabidi tuiandikie tamko. Afisa anahitaji tamko."

"Andika, mwanangu. Tusimcheleweshe mgeni."

Akaandika, na aliandika kwa Kiswahili kile cha ofisini kinachokata kama wembe: kwamba Robi, mjane wa Werema, anathibitisha kwa hiari yake kwamba Waisiko Nyamhanga si mwanafamilia wake, hana naye uhusiano wa damu wala wa ndoa, na hana dai lolote juu yake. Ikahitajika shahidi. Nje alikuwepo Mzee Wangwe, mkubwa wa ukoo wao, amefuata kibali cha kuuza ndama. Akaitwa ndani, akasomewa. Alimtazama Robi muda mrefu.

"Ndivyo unavyosema?" aliuliza.

"Ni mambo ya mashine, mzee," Robi alimnong'oneza kwa Kikurya. "Weka dole tuondoke."

Mzee aliweka dole. Robi akaweka lake. Ikram, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alimgeukia Waisiko. "Na wewe dada, ni kweli?"

"Kama alivyosema," Waisiko alijibu, akatia sahihi yake nzuri ya shule. Muhuri ukagongwa, kila mmoja akapewa nakala yake.

Kitu kimoja lazima kisemwe hapa, kwa sababu Robi mwenyewe alikuja kukisema baadaye na kukirudia mpaka majirani wakachoka. Kulikuwa na njia nyingine, tena nyepesi. Angejiondoa yeye. Angesema, "Huyu ni mke wa nyumba yangu, basi niondoeni mimi, mtafuteni mwingine." Agustina, mponda mawe mwenzao, alikuwa anaomba tangu asubuhi aingizwe. Lakini Robi alikuwa mwenyekiti wa siku tatu, amepigiwa makofi, na makofi yale yalikuwa bado masikioni. Hakutaka kuwa mwanamke wa kawaida aliyesimama nje kutazama mashine ya wenzake.

Mashine ilikuja mwezi uliofuata, ya kijani, na kelele zake ziliwafukuza ndege kilimani. Waisiko alikaa Mugumu wiki tatu akajifunza kuiwasha, kuipaka grisi, kubadilisha mkanda, kuosha unga bila kushika zebaki kwa mikono mitupu. Alirudi na cheti chenye picha yake. Robi alikizungusha kwa majirani, akikishika kwa ncha za vidole ili asikichafue, na kila aliyemwonyesha alimwambia kimeandikwa nini, ingawa kusoma alikuwa hajui. Mawe yaliyowachukua wiki sasa yalisagika asubuhi moja. Migongo ikanyooka. Veronika, aliyekuwa amechukuliwa na nyundo jicho moja, alikaa mbele ya mashine siku nzima ya kwanza akiitazama tu, akakataa kwenda kula.

Kwa hiyo mpango ulifanikiwa, na walioandika taarifa kwamba umefanikiwa hawakusema uongo.

Ila Waisiko alikuwa amebadilika. Si kwa ubaya. Alifanya kazi zake zote, alisalimia shikamoo kila asubuhi, alimletea Robi uji na kuondoka na bakuli. Lakini badala ya "mama" alikuwa sasa anasema "Mama Robi", kama Ikram alivyokuwa akisema. Robi alilisikia hilo siku ya kwanza na ya pili, akajiambia ni adabu za mjini alizojifunza Mugumu. Vicheko navyo vilipungua, akasingizia kelele za mashine. Mtu akiwa hataki kuona, sababu hazimwishii.

Mwezi wa nne Nyamhanga, baba yake Waisiko, alikuja kutoka Kisaka kwa bodaboda, kavaa koti. Hakukubali chai. Alikaa kwenye kigoda uani, akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimepata mtu wa kumwoa binti yangu," alisema. "Mchimbaji, Mungu amemwona, anatoa ng'ombe ishirini na tano. Nimekuja kwa heshima kukuarifu nitamchukua."

Robi alimcheka. "Binti yako gani? Yule niliyemtolea ng'ombe kumi na mmoja ukawapokea kwa mikono miwili?"

"Hapa umesema huna dai lolote juu yake. Dole lako hili, na hili la Mzee Wangwe, na muhuri." Aliifungua ile karatasi gotini, akaipigapiga kwa vidole. "Mtu ambaye si mwanafamilia wako, mahari yake unaidai kwa lipi? Hizo ng'ombe labda ulinipa zawadi. Nashukuru."

"Hiyo ni karatasi ya mashine!"

"Mimi sikuona mashine ndani yake. Nimeona jina la mwanangu."

Robi aliinama akalitazama dole lake kwenye karatasi. Kwa miaka sitini na miwili ofisini kulikuwa ofisini na nyumbani kulikuwa nyumbani, na haikuwahi kumjia akilini kwamba maneno yaliyosemwa kule yanaweza kupanda bodaboda yakaja kukaa kigodani uani kwake.

"Nani amekupa nakala hii?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Nilimuuliza pale anakaa kama nani, akanionyesha."

Hilo ndilo lililomuuma. Ng'ombe ni ng'ombe, baba mwenye tamaa ni baba mwenye tamaa, lakini Waisiko kuitoa karatasi ile kwa mkono wake! Jioni alipita mlangoni kwake mara mbili, akaona mwanga wa jiko, akasikia mtoto anaimbishwa, akarudi. Hakujua aanze vipi. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi.

Robi aliamua kwamba lililoharibiwa na karatasi litatengenezwa na karatasi. Alhamisi alipanda gari kwenda Mugumu. Njiani alijiapia: atamwambia afisa ukweli wote, na mashine ikichukuliwa ichukuliwe, Veronika na Tabitha watamtukana, watamsusa, watamtoa uenyekiti, potelea mbali. Alishaona afadhali arudie nyundo maisha yake yote kuliko kulifunga boma la Werema. Alifika ofisini kwa Ikram machozi yakimlengalenga, akakataa kiti, akaeleza yote akiwa amesimama: mabinti wanne, ng'ombe kumi na mmoja, Kisaka, mtoto aliyepewa jina la marehemu.

Ikram alisikiliza mpaka mwisho, mkono umefunika mdomo.

"Mama Robi," alisema taratibu, "Waisiko anapika wapi?"

"Anapika wapi? Kwake! Mke wa mtu apike jikoni kwa mkwewe? Nyumba yake niliijenga kabla hajafika."

"Shamba?"

"Ana shamba lake. Ghala lake. Huku kila mke na mafiga yake, mwanangu, hatuchanganyi."

Ikram alishusha mkono. "Basi ile si kaya moja. Kaya kwetu ni watu wanaokula chungu kimoja. Hata kama boma ni moja, hata kama ni mkweo, yeye ana chungu chake. Mlikuwa kaya mbili, mama. Ungesema ukweli siku ile ningeandika kaya mbili, ningewapitisha, tukaendelea na jina linalofuata."

Robi alikaa sasa. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la mafaili, na hakuna aliyemzuia. Uongo wake haukuwa na kazi yoyote. Hakuuhitaji. Aliutoa bure kabisa, kwa mtu ambaye ukweli ungemtosha.

Ikram naye alikuwa na machozi. Alisema alipaswa kuuliza vizuri, kwamba kule kwao hakuna ndoa za namna hiyo, kwamba aliiona fomu tu. Kisha akafanya alichoweza: aliandika barua ya kulifuta lile tamko, akaeleza kosa lilivyotokea, akasema Waisiko ni mwanafamilia halali wa boma la Werema na uanachama wake kwenye kikundi hauna tatizo. Akagonga muhuri, safari hii mara mbili. Robi alirudi Kenyamonta ameishikilia barua kifuani, na kabla ya kufika alikuwa ameanza kutabasamu. Alikuwa amepona. Ndivyo alivyodhani.

Jumamosi wazee walikaa uani kwa Robi, Mzee Wangwe katikati. Nyamhanga alisoma karatasi yake. Sylvester akasoma ya Robi, kwa sauti ya kijiji kizima kusikia, kwa kuwa alikuwa na deni la siku ile na alitaka kulisafisha. Wazee hawakuchukua muda. Mzee Wangwe alisema dole lake liliwekwa kwa ajili ya mashine, kila mtu alijua ni mashine, na ng'ombe waliovuka kwenda Kisaka bado wamesimama. Waisiko ni mke wa nyumba ya Werema. Nyamhanga alilivua koti, akalivaa tena.

"Imekwisha," Mzee Wangwe alisema. Halafu, labda kwa sababu ni mtu mzima na macho yake yalikuwa yameona kitu, akageuka. "Mwanangu Waisiko, wewe una neno?"

Waisiko alisimama. Hakuwa na hasira, na Robi angependa sana angekuwa nayo.

"Shikamooni wazee. Mimi kwa mchimbaji wa baba siendi. Hilo baba alisikie hapa. Na hili la mashine, nilijua ni mashine. Nilijua tangu pale ofisini, mimi si mtoto." Akamtazama Robi. "Tulipotoka ofisini nilikuwa nyuma yako. Nikasema moyoni, tukifika mtoni ataniambia. Tukafika mtoni, ukasema turubai la mashine tutalifunga kwa kamba gani. Nikasema, tukifika nyumbani. Tukafika, ukaniuliza kama chumvi ipo. Nikasubiri kesho yake. Nimesubiri miezi mitano. Ungesema neno moja tu, kwamba yale yalikuwa ya ofisini, ningecheka, tungecheka wote. Hukusema. Basi nikaona labda ndivyo ilivyo."

"Nilidhani unajua," Robi alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Nilijua. Nilitaka unijulishe wewe."

Waisiko aliendelea, sasa kwa haraka, kama anayeogopa ataishiwa. Kule Mugumu walimwomba akawe mwalimu wa vikundi vipya vya Tarime, awafundishe akina mama mashine. Alikuwa ameahirisha jibu tangu mwezi wa pili. Alitaka kwenda, kama wazee watamruhusu.

Mzee Wangwe alivuta pumzi. "Kwenda unaweza, kama mwenye nyumba akikubali. Ila mtoto haendi. Mtoto ni wa ng'ombe, ni wa nyumba iliyowatoa. Werema atabaki kwa bibi yake, ndiyo sheria yetu."

Watu wote walimgeukia Robi, na hapo ndipo alipoiona karatasi yake nzuri ilivyokuwa na nguvu. Ilikuwa imemrudishia kila kitu. Angeweza kusema neno moja Waisiko asiondoke, kwa maana mama gani ataondoka amwache mtoto wa miaka mitatu? Angebaki. Angeleta uji kila asubuhi, angesalimia, angechukua bakuli. Nyumba ingekuwa na mwanaume wake wa kesho, na Robi angekufa akijua kuna wa kumzika. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko alikokuwa hodari.

Mtoto alikuwa amelala kwenye paja la Tabitha, mdomo wazi. Robi alimtazama mpaka akashindwa.

"Aende na mama yake," alisema.

Wazee walinguruma. Mmoja alisema haijawahi kutokea. Mzee Wangwe aliinua mkono wakanyamaza. "Robi, unajua unachosema? Unaifunga nyumba ya Werema."

"Niliifunga mimi mwenyewe siku ile, mzee. Wewe ulikuwa shahidi."

Jumatatu asubuhi Waisiko alikuwa tayari, begi moja na cheti chake ndani ya bahasha ngumu. Robi alimsindikiza mpaka barabarani. Alimbeba mtoto yeye, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea na goti la Robi lilikuwa linamsumbua. Njia nzima alikuwa na maneno ya kumwambia. Aliyaanza kwenye mashamba ya mtama, yakakwama. Aliyaanza tena mtoni, akaishia kusema maji yamepungua mwaka huu. Waisiko akasema ndiyo, yamepungua.

Bodaboda ilikuwa inasubiri. Dereva alifunga begi nyuma, akachukua kofia yake. Ndipo Robi, mtoto bado begani, alipofungua mdomo, na yakatoka yote, ovyo ovyo, bila mpangilio, mbele ya dereva asiyemjua.

"Waisiko. Wewe ni mtu wangu. Nilikutoa kwa sababu ya makofi, nilitaka uenyekiti, nikaona haya kujiondoa. Sikuwahi kukuona mpangaji hata siku moja. Mabinti zangu wanne nimewazaa, na hakuna hata mmoja niliyezoea kumsikia kama ninavyokusikia wewe. Ungenicheka ukitaka, ungenitukana, lakini nilipaswa kukuambia. Nilipaswa kukuambia njiani."

Waisiko alisimama akimsikiliza mpaka mwisho. Alinyoosha mikono akampokea mtoto, akampanga vizuri kifuani, akamfunika khanga kwa ajili ya upepo.

"Nimesikia, mama," alisema.

Akapanda, dereva akawasha. Robi alisubiri ageuke, na aligeuka mara moja, pale kwenye kona, mkono wake ukiwa umeushika mkono wa mtoto na kuupunga. Kisha vumbi likatulia. Robi alikaa kidogo kwenye ukingo wa barabara kupumzisha goti, akainuka, akashika njia ya kilimani, kwa sababu ilikuwa zamu yake na wanawake wanane walikuwa wanamsubiri na mawe yao.